Kilomita Mia Tano

Habari za kifo cha Cédrick zilimkuta Fortunée amepiga magoti uani, kijiti cha kupimia oili mkononi. Alikifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza tena kwenye injini, akakitoa na kukiinua kwenye mwanga wa asubuhi. Oili ilikuwa imefika pale ilipotakiwa kufika, na rangi yake ilikuwa bado ya asali. Alikuwa karibu kutabasamu wakati mumewe, Séraphin, alipoingia kwa miguu, kofia ya plastiki kwapani.

"Cédrick amekufa," alisema. "Camion ilimugonga mu barabara ya Kambove, asubui hii."

"Cédrick gani? Ule wa Jaël?"

"Ule."

Fortunée alirudisha kijiti mahali pake na kukikaza vizuri, ndipo akaketi chini. Mwezi uliopita Cédrick alikuwa amemletea mfuko wa unga kutoka sokoni bila kumdai kitu, akaubeba mpaka jikoni.

"Kilio iko wapi?"

"Kwabo, Kikula. Tutamuzika kesho kutwa. Parking yote itamusindikiza." Séraphin hakumtazama mkewe. Aliitazama pikipiki, ile nyekundu ya 125 waliyoiita moto kama watu wote wa Likasi. "Na moto."

Ukutani, kando ya mlango wa jikoni, palikuwa na tarakimu zilizoandikwa kwa chaki, zinazofutwa na kuandikwa upya kila siku. Asubuhi ile zilisema 183.

Manseba, yaani vijana na wazee wanaobeba abiria kwa pikipiki, hawamziki mwenzao kimya. Hufunga matawi kwenye usukani, husindikiza jeneza kwa mwendo wa miguu, na wakifika kaburini husimama wote pamoja, hukunja mkono wa gaz, unaoongeza mafuta, mpaka mwisho na kuushikilia hapo hapo, pikipiki haziendi popote, injini zinapiga kelele mpaka moshi wa buluu unawafunika wafiwa. Hivyo ndivyo wanavyolia. Aliyekuja bila pikipiki hajalia.

Na injini ya pikipiki nyekundu ilikuwa haijapona. Kwa mwaka mzima Séraphin alikuwa akiongeza oili bila kuibadilisha, mpaka siku moja pistoni ikagwama kwenye mlima wa Kamatanda akiwa na abiria wawili na gunia. Fundi Isidore aliichonga silinda kwa mara ya tatu, akawaonyesha kwa kidole. "Hapa njo mwisho. Ikigwama tena, hakuna pistoni ya kuingia mule. Mutaitupa." Kisha akawapa masharti ya rodaji, ya kuizoesha injini taratibu: kilomita mia tano za kwanza, mwendo usizidi arobaini, abiria mmoja tu, hakuna milima mirefu, hakuna kukunja gaz.

Matengenezo yale yalikula zamu yote ya Fortunée katika likelemba, upatu wa walimu wenzake. Pikipiki ilikuwa kwa jina lake. Alifundisha darasa la tano, alikuwa na diploma ya ualimu, na siku ile aliazima kitabu cha pikipiki kwa Isidore akakisoma kama somo atakalolifundisha kesho yake. Sasa yeye ndiye aliyebadilisha oili, aliyekaza mnyororo, aliyeosha chujio la hewa kila Jumamosi. Séraphin aliendesha tu.

"Utaenda," Fortunée alisema hatimaye. "Bila moto."

"Mama Élise," Séraphin alimwita kwa jina la binti yao, "usinifanye vile."

"Nimesema."

Kesho yake alasiri walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa Athanase, président wa parking ya soko, kituo cha manseba, mtu mrefu mwenye kikohozi, aliyeendesha pikipiki miaka kumi na mmoja bila kumiliki hata moja. Wa pili alikuwa Pitshou, aliyekuwa na ulimi kuliko breki. Fortunée aliwatolea viti. Wakaomba mchango wa kilio, naye akawapa mara mbili ya walichoomba. Athanase alizitia pesa mfukoni bila kuzitazama.

"Aksanti, Mama Élise. Sasa ile ingine. Papa Élise atakuya na moto kesho saa tatu."

"Papa Élise atakuya. Moto, hapana."

"Iko mugonjwa?" aliuliza Pitshou.

"Iko mu rodaji. Haiyafika hata mia mbili. Fundi alisema mia tano."

"Kumbe iko mutoto wa maziwa." Pitshou alimgeukia Athanase. "Président, tungeleta biberon, anyonye."

Séraphin, aliyekuwa amesimama ukutani, alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayecheka ili asichekwe. Fortunée alikiona, na ndicho kilichomchoma kuliko maneno ya Pitshou.

"Pitshou, moto yako iko ya nani?"

"Ya patron. Mwenye moto iko Lubumbashi."

"Na yako, Président?"

Athanase aliitazama ile nyekundu.

"Basi musinifundishe kulia. Munalia na moto za bantu, haziko zenu. Ikiungua, munamupigia patron simu, munamuambia petroli ilikuwa mubaya, essence ilikuwa na mayi. Minye yangu ikiungua, nitamupigia nani?"

Kuku alipita chini ya kiti cha Pitshou, wala Pitshou hakumfukuza. Athanase alikohoa, akangoja kifua kitulie.

"Patron wa Cédrick alikuya jana," alisema. "Alileta camionnette. Nilifikiri ni ya maiti. Kumbe ya kubeba moto. Mwenzetu angali mu morgue, yeye anauliza kioo moja ya rétroviseur iko wapi. Sanduku, hapana. Unga, hapana. Ile kelele tunapiga ku kaburi, mama, njo mushahara yetu ya mwisho. Tunaitoa mu moteur yabo juu hakuna pengine pa kuitosha."

"Minye si patron. Leo tumekula bukari na sombe bila mafuta."

"Carte ya moto iko na jina ya nani?"

Athanase aliinuka, akakirudisha kiti ukutani yeye mwenyewe, kama mtu asiyetaka kuacha deni hata la kiti.

"Kesho saa tatu, Séraphin," alisema, na hakumuaga mwenye nyumba.

Alhamisi saa mbili na nusu pikipiki mbili zilipiga honi mlangoni, zimejaa majani. Fortunée alikuwa anaosha sufuria uani na hakuinua kichwa. Séraphin alitoka ndani na shati jeupe la Jumapili. Alifunga tawi kwenye usukani, akapanda, akapiga kiki.

Kimya. Akapiga tena. Mara ya tano, mara ya kumi. Kwenye mlango Pitshou alizima yake ili wasikie vizuri.

"Mupe biberon kwanza," alisema, na mwenzake akacheka.

Séraphin alishuka, akainama. Waya wa buji, plagi ya kuwashia injini, ulikuwa unaning'inia. Na pale palipokuwa na buji, kwenye tundu la injini, pamezibwa kwa kipande cha kitambaa safi kilichokunjwa vizuri, vumbi lisiingie. Kitambaa kile kilimweleza yote. Katika nyumba ile palikuwa na mtu mmoja tu ambaye angekumbuka vumbi.

"Iko wapi?"

"Panda nyuma ya Pitshou. Kuna nafasi."

"Iko wapi, Fortunée?"

Hakumwita Mama Élise. Miaka kumi na saba hakuwa amemwita jina lake mbele za watu.

"Sitaitosha," alisema, akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa.

Séraphin hakumpiga. Wengine wangempiga, na mtaa ungesema kapatikana. Alirudisha kile kitambaa kwenye tundu, akainua stendi, akaisukuma pikipiki nje kwa mikono yake, tawi likitikisika.

Fortunée aliufuata msafara pamoja na wanawake. Kwa mbali aliziona pikipiki zaidi ya arobaini zikinguruma nyuma ya jeneza, na katikati yake ile nyekundu, kimya, ikisukumwa. Shati jeupe lilikuwa limemgandia Séraphin mgongoni. Watoto kando ya barabara walimnyooshea vidole. Mtu mzima mmoja alimuuliza kwa sauti kama moto yake nayo inapelekwa kuzikwa.

Kaburini zilisimama zote. Athanase aliinua mkono, na kelele ikapasuka. Ardhi ilitetemeka. Moshi ulipanda, wanawake wakajifunika pua kwa vitenge. Fortunée alimtafuta mumewe kwa macho, akamwona. Amesimama sawa na wenzake, miguu imepanuka, na mkono wake wa kulia umekunja gaz mpaka mwisho. Ameushikilia hapo, meno yameumana, pikipiki yake haitoi hata pumzi.

Moshi ulipopungua, Jaël, mjane, alipita akishikwa na dada zake. Alipomfikia Fortunée alisimama.

"Mama Élise, mulikuya kutuonyesha namna moto yenu inanyamaza?"

"Jaël, dada yangu, pole."

"Bwana yangu alikubebea unga," alisema Jaël, akaendelea kutembea.

Ijumaa Fortunée alirudisha buji kwa mkono wake, akaikaza bila kuzidisha, kama kitabu kilivyoagiza. Séraphin akarudi parking.

Hakuna aliyemfukuza. Wangemfukuza ingekuwa afadhali, mtu angejua la kufanya. Zamu zilikwenda kama kawaida, aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kupakia. Ila zamu ya Séraphin ilipofika, mmoja alimwambia abiria kwa upole, "Papa, ile haibebe bantu, iko mu rodaji," na abiria akapanda nyingine. Siku ya kwanza ya juma alipata abiria watatu. Baada ya hapo wawili. Siku moja hakupata hata bei ya petroli aliyoichoma kwenda na kurudi.

Jumatano gurudumu la nyuma lilitoboka upande wa Shituru. Zamani mwenye kukwama hakukwama dakika tano. Huyu angempa pampu, yule kiraka, wa tatu angeshuka amsaidie kushika. Siku hiyo walipita wenzake wanne, kila mmoja akampigia honi kama anayesalimu, na hakuna aliyepunguza mwendo. Séraphin alisukuma kilomita tatu juani. Fortunée alipofungua kitabu cha pikipiki kama alivyozoea, alikuta kurasa kuhusu tairi, kuhusu mnyororo, kuhusu taa. Habari ya watu wa kukupa pampu haikuwamo.

Élise, binti yao, alirudi shuleni akiwa amenuna.

"Beko na wimbo," alisema. "Batoto ya parking. *Moto ya Madame inanyonya, inalala saa mbili.*"

"Na weye ulisema nini?"

"Nilisema haiko moto yetu."

Séraphin alikuwa anavua viatu mlangoni. Alicheka, safari hii kicheko cha kweli, kikavu.

"Moteur iko namna gani?" Fortunée alimuuliza, ili aseme kitu.

"Iko muzuri sana. Inakaa tu. Kitu ya kukaa tu itaharibika namna gani?"

Ijumaa iliyofuata Fortunée alifuta ubao wa darasa la tano, akanunua kasha la soda, akamlipa mtu wa mkokoteni alipeleke parking. Alitaka kwenda wakati wenyewe wamejaa. Alijua kwamba kosa la mbele za watu haliombewi msamaha chumbani.

Athanase alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu. Hakumwonyesha pa kukaa. Pitshou alikuwepo, juu ya pikipiki ya buluu ambayo Fortunée hakuwahi kuiona.

"Ile ingine ilienda wapi?" alimuuliza, kabla hajajizuia.

"Iligwama siku ya kumuzika Cédrick." Pitshou alifungua soda kwa meno. "Essence ilikuwa na mayi."

Parking nzima iliangua kicheko. Hata Athanase alitabasamu, na Fortunée akaona kwamba hawakuwa wamelisahau neno lake hata moja.

"Nimekuya kuomba pardon," alisema. "Nilikosea marehemu, na nilikosea ninyi bote. Bwana yangu hana kosa. Minye njo nilitosha buji."

"Tunajua," alisema Athanase. "Séraphin hangeweka kitambaa."

Wakacheka tena. Fortunée aliwaacha wacheke mpaka wakamaliza.

"Munipe amende, faini yenu. Nitalipa."

Athanase alikunywa soda yake taratibu, akaiweka chupa chini katikati ya miguu.

"Faranga hapana. Siku ya kwanza ulitupa mara mbili, ukafikiri umemaliza. Samedi ya juma ijayo ni kutosha kilio, matanga inaisha. Tutaenda ku kaburi. Moto yako itakuya, italia ile ambayo haikulia. Na haiko Séraphin atashika gaz. Mwenye moto njo atalia."

"Mpaka wakati gani?"

"Mpaka niseme basi."

Alifikiri haraka. Asubuhi ile aliandika 296 ukutani.

"Président, mungojee kidogo, nifike mia tano. Ni hesabu ya fundi, haiko ya roho mubaya."

"Hesabu ni yako, mama. Marehemu hana kilomita. Samedi, saa nne."

Kilomita mia mbili na nne kwa siku nane. Abiria hawakuwepo, kwa hiyo walinunua petroli ya kwenda pasipo na safari. Waliinunua kwa pesa za viatu vya Élise, kisha kwa pesa za mafuta ya kupikia. Kila asubuhi Séraphin aliizungusha pikipiki mjini, mtupu, kwa mwendo wa arobaini, kama mtu aliyepoteza kitu barabarani. Majirani walimsalimu mara ya kwanza. Mara ya nne walikuwa wanatazamana tu.

Jumapili baada ya misa walikwenda Kambove wote wawili. Fortunée alikaa nyuma na gauni lake la kanisani, akichungulia saa ya mwendo juu ya bega la mumewe. Wachimbaji waliwapita na magunia mawili mawili, wakiwafunika kwa vumbi jekundu.

"Quarante, arobaini," alimwambia sikioni.

"Niko trente-huit, chini yake, Madame."

Pale ilipoanza tambarare, injini ilituliza sauti yake, ikawa sauti moja iliyonyooka, bila ule mkwaruzo wa majuma ya kwanza. Wote wawili waliisikia. Mgongo wa Séraphin ulilegea, na Fortunée, ambaye alikuwa ameshikilia kiti cha chuma njia nzima, akamshika kiunoni. Kambove walikunywa maji kwenye duka la kando ya barabara, chupa moja kwa wawili.

"Inaimba," alisema Séraphin.

"Ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Ilikosa tu muntu wa kuibadilishia mafuta."

"Siye bawili tulikuwa vile," alisema, akampa maji yaliyobaki.

Ijumaa ukuta ulisoma 503. Isidore alimwaga oili kwenye beseni, akaichezea kwa vidole viwili akitafuta chembe za chuma. Hapakuwa na hata moja.

"Mama, ungekuwa fundi. Bantu bote hawa, hakuna hata mumoja anafanya rodaji mpaka mwisho."

Ndipo Fortunée alipomweleza habari ya kesho. Isidore aliacha kufuta mikono.

"Rodaji ni kitu ingine. Kusimama na kupiga gaz ni kitu ingine. Moto hii inapozwa na upepo. Ikisimama, upepo iko wapi?"

"Za bengine zinafanya."

"Za bengine zina silinda muzima. Yako nimeichonga mara tatu, ukuta wake iko sawa karatasi."

"Dakika ngapi?"

"Mbili. Tatu, Mungu akikuhurumia." Isidore aliinama, akaigonga silinda kwa kucha. "Utasikia sauti inakuwa nyembamba, sawa ya mbuzi. Pale, achia. Usingoje muntu akuambie."

Jumamosi walikuwa kama pikipiki ishirini kaburini. Msalaba wa mbao ulikuwa umepakwa rangi nyeupe mpya. Jaël alivaa kitenge kipya, amekaa kwenye kiti cha plastiki, watoto wake wawili wamesimama nyuma. Padri hakuja, katekista aliongoza sala, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, kwa kuwa alijua kinachofuata.

"Mwenye moto," alisema Athanase.

Séraphin aliisukuma mpaka miguuni pa kaburi, akaiwasha, injini ikaitikia kwa kiki moja. Fortunée alipanda. Katika majuma yote ya kuitunza hakuwahi kukaa mbele. Alishika mpini wa gaz, akautazama mkono wa Athanase ukipanda, na ulipofika juu akakunja mpaka mwisho.

Ilipiga kelele kuliko alivyodhani. Mtetemeko ulimpanda mikononi mpaka kwenye meno. Pikipiki ishirini nyingine hazikuwashwa. Walikuwa wameiacha yake ilie peke yake. Alihesabu kimya kimya, kama anavyohesabu wanafunzi mstarini. Sitini. Harufu ya rangi inayoungua. Mia. Joto lilimchoma goti kupitia gauni. Mia na ishirini, dakika mbili. Alimtazama Athanase. Athanase alikuwa anautazama msalaba, na mkono wake ulikuwa umelala pajani.

Mia na hamsini. Jaël alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, na mtoto wake mdogo ameziba masikio.

Karibu na mia na themanini aliisikia. Isidore alikuwa amesema kweli, ilikuwa sauti ya mbuzi. Ikawa nyembamba, ikapanda, na ndani yake mkwaruzo mdogo sana ambao hakuna mtu pale angeutambua isipokuwa yeye. Vidole vyake vilijua cha kufanya. Vilianza hata kulegea.

Akamwona Pitshou. Pitshou hakuwa anatazama kaburi wala pikipiki. Alikuwa anatazama kiganja cha Fortunée kwenye gaz, kama mtu anayengoja karanga ziive, na pembeni ya mdomo wake wimbo ulikuwa tayari. Na nyuma ya Pitshou alikuwa Séraphin, amesimama bega kwa bega na wenzake. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile mtu alikuwa amemwekea mkono begani.

Fortunée alikaza vidole, akashikilia.

Haikuchukua muda. Mbuzi alilia, kisha pakatokea mgoto mmoja, mzito, kama nyundo juu ya nondo, na pikipiki yote ikaruka chini yake na kukwama. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito mpaka wakasikia chuma kikipoa. Moshi mwembamba ulitoka kando ya silinda. Séraphin aliangalia chini.

"Basi," alisema Athanase.

Jaël aliinuka kwenye kiti chake. Alikuja taratibu mpaka kwenye pikipiki, akamkumbatia Fortunée akiwa bado amekaa juu yake.

"Aksanti, Mama Élise. Amesikia."

"Amesikia," walisema wanawake.

Baada ya hapo mambo yote yakawa mepesi. Walimshusha kwa heshima, wakamletea maji. Vijana waligombania kuisukuma pikipiki, wawili kwenye usukani, watatu nyuma, wakamkatalia Séraphin kuigusa. Pitshou ndiye aliyeshika mbele. Njia nzima kutoka makaburini walizungumza, wakataniana, wakamuuliza Fortunée habari za shule, wakamwita Mama Mwalimu. Mmoja alimweleza kwamba gurudumu la nyuma lilihitaji hewa na kwamba angemletea pampu yake mwenyewe. Kwenye mashimo aliwaambia wapite pole pole, nao wakamtii.

Waliiegesha uani, mahali pake pa siku zote. Athanase alimshika Séraphin mkono kwa mikono miwili.

"Lundi, siku ya kwanza ya kazi, saa kumi na mbili kamili. Weye ni wa tatu ku zamu. Hakuna muntu atakuruka."

"Aksanti, Président."

"Atakuya na nini?" aliuliza Fortunée.

Athanase alimgeukia. "Namna gani, atakuya na nini?"

"Lundi. Saa kumi na mbili. Atakuya na moto gani?"

Manseba waliitazama pikipiki nyekundu, kisha wakatazamana. Hakukuwa na ubaya machoni mwao. Walishangaa tu kidogo, kama watu walioulizwa jambo la chumbani kwa wengine. Athanase alikohoa, akavaa kofia yake.

"Ah, ile ya moto, Mama Élise," alisema kwa upole, "ile ni mambo yenu."

Wakaaga mmoja mmoja, wakimpa mkono kila mtu, hata Élise mlangoni.